Picha ya Shamba Lisilo na Watu

Kila asubuhi, kabla ya kufungua studio yake mjini Bukoba, Apolinary Rugaibula aliketi kibarazani na kusugua vioo vyake kwa kipande cha fulana kuukuu. Vilikuwa vioo vya duara, vya kuvishwa mbele ya lenzi ya kamera. Cha njano kilitoa mawingu vizuri. Chekundu kiliifanya mbingu ya mchana iwe nzito kama inayotaka kunyesha, na watu wa mjini walipenda kupigwa picha chini ya mbingu ya namna hiyo, kwa sababu iliwafanya waonekane wenye mambo makubwa. Kimoja kilikuwa na mistari myembamba kama nywele, nacho kiligeuza mishumaa ya altare kuwa nyota. Hicho alikitumia kwenye harusi za Wakatoliki wenzake, na siku hizi hata Walutheri walikuwa wamekwisha kuanza kukiulizia.

Kioo cha mwisho kilikuwa cheusi. Aliachiwa vyote, pamoja na kamera ya miguu mitatu, na padre mzungu aliyerudi kwao Ulaya akiwa mgonjwa. Padre alimfundisha kila kimoja na kazi yake, na kuhusu cheusi alimwambia hivi: kinapitisha mwanga kidogo mno, kwa hiyo lenzi lazima ikae wazi muda mrefu. Kisichotikisika kitaonekana kwenye picha. Kinachotembea hakitaonekana. Padre alikitumia kupiga picha ya kanisa siku ya soko, watu wakipita mbele yake kama siafu, na kanisa likatoka peke yake, halina hata kuku uani.

Karugendo alikuja studio mwaka ule wa sherehe za kutawazwa kwa Malkia wa Uingereza, wakati kila mwenye duka alitaka picha ya kutundika ukutani. Alikuwa mnunuzi wa kahawa, mtu mnene mwenye sauti ya upole. Nusu ya wakulima wa upande wa Muleba walimuuzia kahawa yao ikiwa bado maua mtini, na kwa hiyo nusu ya wakulima wa upande wa Muleba hawakupenda kubishana naye.

"Ta Apolinary," alisema, "nasikia unacho kioo kinachofagia watu."

"Hakifagii, waitu," alijibu Apolinary kwa heshima. "Kinawaacha wanaotembea waende zao."

"Vizuri. Nina shamba Kagoma. Nataka picha yake ya kupeleka kwenye baraza la wazee. Nataka shamba lenyewe tu, migomba na mibuni."

"Kuna watu hapo?"

"Wapo wawili watatu."

"Wanakaa au wanafanya kazi?"

"Wanalima."

"Basi kioo kitafaa," alisema Apolinary. Baadaye alikumbuka kwamba alilijibu swali lile upesi, kama fundi viatu aliyeulizwa kama gundi yake inashika. Hakuuliza kwa nini baraza litake picha ya shamba bila wenyewe. Alikuwa ameanza kuwaza juu ya mwanga.

Wakaondoka na lori la Karugendo, wakapita Muleba wakanywa chai, wakafika Kagoma jua likiwa limepanda. Kibanja, shamba lenye nyumba ndani yake, kilikuwa kizuri, migomba imesimama kwa mistari, mibuni chini yake imepogolewa kwa mkono unaojua, na mpakani miti ya mulamula ilikuwa imepandwa zamani sana hata imekuwa minene kama mapaja. Mwenye kibanja, Rwegasira, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Walibaki mjane wake Benadetha, binti yao Georgina aliyekuwa msichana wa kuolewa, na mama yake Rwegasira, Kokuhirwa, ambaye goti lake lilikuwa bovu na alishinda kwenye kigoda mbele ya nyumba.

Hawakuambiwa picha ni ya nini. Karugendo aliwaambia ni ya mambo ya kahawa, na kwa namna fulani hilo halikuwa uongo. Benadetha alileta kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, kama inavyopasa kwa mgeni, na Apolinary akachukua punje mbili akashukuru.

"Tuvae nguo nyingine?" aliuliza Benadetha. "Tusimame wapi?"

"Msijisumbue, Ma Benadetha. Endeleeni na kazi yenu kama kawaida. Mimi nisiwasimamishe."

Benadetha alimsifu kwa hilo. Alisema wageni wengi wakija hudhani jembe linaweza kungoja. Wakarudi kwenye palizi, yeye na binti yake. Karugendo aliomba kiti, akaletewa kile kilichokuwa cha marehemu, akakiweka kando ya mibuni akakaa, mikono juu ya magoti, bila kutikisika hata nzi alipotua kwenye paji la uso wake.

Apolinary alifunga kioo cheusi, akabana tundu la lenzi mpaka mwisho, akaingiza kichwa chini ya kitambaa. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa kimoja. Kokuhirwa alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ametulia tuli. Angeonekana kwenye picha wazi kama msumari.

Apolinary akatoka chini ya kitambaa akamwendea, akachutama mbele yake kwa heshima.

"Mae," alisema, "jua ni zuri leo. Kwa nini usinyooshe miguu kidogo? Tembea polepole mpaka kwenye mulamula ule, urudi. Itakufaa."

Kizee akamtazama, akatabasamu. Hakuna aliyekuwa amemhimiza kutembea tangu mwanawe alipozikwa. Akachukua mkongojo akainuka. Apolinary akakisogeza kigoda nyuma ya nyumba, akarudi kwenye kamera akaondoa kifuniko cha lenzi. Alipima muda kama padre alivyomfundisha, kwa kusali fungu zima la rozari bila haraka. Benadetha na Georgina walilima. Kokuhirwa alikwenda na kurudi, akaona mgeni bado anasali, akageuka akaenda tena.

Picha alizisafisha mwenyewe kwenye chumba cha giza. Ilipotokea ile ya Kagoma ndani ya dawa, aliishika kwa ncha za vidole na moyo wake ukafurahi, na furaha hiyo ndiyo iliyomfanya baadaye ashindwe kula. Kila jani la mgomba lililokuwa mbali na upepo lilionekana. Mibuni ilionekana, na nyumba, na mulamula. Karugendo alikuwa ameketi kwenye kiti akiwa safi kama mtu wa kuchongwa. Hapakuwa na mwingine yeyote.

Picha ilipokauka, Benadetha, Georgina na Kokuhirwa waliacha kuonekana wakitembea.

Jambo hili lilijulikana kwanza sokoni Muleba. Benadetha alifika na mkungu wa ndizi, na wauzaji wakasikia anasalimu lakini hawakumwona mpaka alipotua mkungu na kusimama kimya kungoja wanunuzi. Klaudia, aliyeuza dagaa karibu naye, alimwambia, "Ma Benadetha, ukitikisika unapotea," naye akajibu kwamba ameambiwa hivyo hata njiani. Watu wakazoea. Waliotaka kuzungumza naye walisema, "Tulia kwanza nikuone," wakamsalimia, kisha wakamwacha aendelee. Parokiani padre alijifunza kungoja mpaka Georgina apige magoti na kutulia ndipo amwekee hostia ulimini. Aliyepita karibu na kibanja chao aliona udongo unageuka wenyewe na magugu yanajikusanya mafungu mafungu, akasema, "Poleni na kazi," na sauti zikamwitikia kutoka mahali pasipo na mtu.

Apolinary aliyasikia haya kutoka kwa mkewe, Anatolia, nyumbani kwao Ijuganyondo. Anatolia aliyapata kwa wanawake wa kanisani.

"Wanasema ilianza baada ya mpiga picha kupita," alisema. "Wewe ulipita huko?"

"Nilipita."

"Basi utakuwa wewe," alisema Anatolia, akaendelea kumenya ndizi.

Baraza lilikaa ndani ya banda la mabati. Karugendo alieleza kwamba kibanja cha marehemu Rwegasira kimebaki kihame. Marehemu hakuacha mtoto wa kiume, wanawake wameondoka, na ardhi isiyo na watu ni hasara kwa nchi. Majirani walikuwapo, wakitazama vidole vya miguu yao. Picha ikapita mkono kwa mkono. Mwenyekiti, mzee Mushumbusi, aliisogeza karibu na dirisha na kuisifu.

"Mjane wa Rwegasira yupo?"

"Nipo," alisema Benadetha. Alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma na wote walikuwa wamemwona. Aliposimama kusema, hakuwapo tena.

Sauti yake ilisimulia jinsi alivyoletwa pale akiwa bibi arusi, mibuni ipi aliipanda yeye, mgomba upi ulipandwa siku Georgina alipozaliwa, na kaburi la mumewe liko upande gani. Mzee Mushumbusi alisikiliza kwa adabu, uso wake ameuelekeza pale sauti ilipotokea.

"Tunasikia sauti," alisema ilipokoma. "Lakini sauti huvuka hata bonde. Mkaazi ni mtu anayeonekana. Kaa, mama, tukuone."

Benadetha akakaa. Akaonekana, mwanamke mrefu mwenye kitenge kilichofuliwa mara nyingi.

"Vizuri. Sasa sema ukiwa hivyo hivyo."

Alipofungua kinywa, midomo ikatoweka kwanza, kisha mashavu, kisha mikono, maana Benadetha hakuwahi kusema jambo la moyoni bila mikono yake. Likabaki benchi. Mzee Mushumbusi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Ndipo akaitwa Apolinary.

"Picha hii ni kazi yako?"

"Ndiyo, waitu."

"Umefuta kitu? Umeongeza wino?"

"Hapana, waitu."

"Siku hiyo, uliona watu shambani?"

Apolinary aligeuza macho bila kutaka. Kokuhirwa alikuwa kwenye benchi la nyuma, mikono miwili juu ya mkongojo, anaonekana kabisa. Alimtazama kama shangazi anavyomtazama mtoto wa ndugu yake aliyesimamishwa kusoma mbele ya darasa, akingoja amalize vizuri. Karugendo naye alikuwa anamtazama. Studio ilihitaji wateja, na watu waliotaka picha za ukutani walikuwa marafiki wa Karugendo. Lakini hata hilo halikuwa sababu nzima. Sababu nyingine, ambayo hakumwambia mtu, ni kwamba mzee Mushumbusi alikuwa ameisifu picha, na Apolinary hakutaka iharibike.

"Picha ndiyo hiyo," alisema.

Kibanja akapewa Karugendo.

Watu walidhani Karugendo atawafukuza. Hakuwafukuza. Angewafukuzaje, aliuliza, na hakuna mtu? Msimu ulipofika kahawa ilichumwa ikaanikwa, na hakuna aliyeonekana akiichuma. Magunia yalijaa. Lori lilikuja likapakia. Benadetha alipodai ujira, mnyapara wa Karugendo alimwambia kwa upole kwamba hawezi kumlipa mtu asiyemwona akifanya kazi, na kwamba akikaa atulie ili aonekane, basi atakuwa hafanyi kazi. Benadetha aliyafikiria maneno hayo kwa muda, akaona hayana mlango.

Apolinary hakukanyaga Kagoma msimu wote. Alipiga harusi, alipiga ubatizo, na kila alipotaka kuwaambia watu watulie, aliwaonyesha kwa mkono tu. Mwishowe akapanda basi akiwa na kamera na vioo vyake. Njiani alipanga maneno. Alipofika Kokuhirwa alikuwa kwenye kigoda chake, na maneno yote yakamtoka kichwani.

"Karibu," alisema Kokuhirwa. Kidevu chake kilipotea aliposema, kikarudi.

Apolinary alipiga magoti kwenye nyasi. "Mae, nimekuja kwa ajili ya ile picha."

"Siku ile nilikuwa nimekaa," alisema bibi. "Ukaniambia, mae, nyoosha miguu, jua ni zuri. Nikasema moyoni, mtoto wa watu huyu kalelewa. Nikatembea mpaka goti likavimba. Nililala na majani ya moto juu yake."

"Nilijua utaonekana kwenye picha ukikaa. Nilijua, mae. Ndiyo maana nilikuinua."

"Sikukuuliza kama ulijua," alisema Kokuhirwa. "Nakuambia goti lilivimba."

Apolinary alingoja amtukane, na bibi hakumtukana. Akamwita mkwewe, na sauti ya Benadetha ikaitika kutoka kwenye migomba.

Aliwaeleza alilokuja nalo. Atawapiga picha nyingine bila kioo chochote, lenzi tupu, wamekaa mbele ya nyumba yao wote watatu. Ataipeleka barazani mwenyewe na atasema yote. Georgina aliuliza kama kweli atasema yote. Alisema atasema. Wakanawa mikono na nyuso, wakaketi mstari mmoja, Kokuhirwa katikati. Benadetha alikuwa hajakaa hivyo tangu matanga. Alipotulia, uchovu wake wote ulionekana pamoja naye, na Apolinary aliuona kwenye kioo cha kamera, kichwa chini miguu juu kama kamera ile ilivyoonyesha kila kitu, akabonyeza.

Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga. Safari hii hakufurahi.

Barazani alisimama akasema. Alisema habari ya kioo cheusi, rozari, na kigoda alichokificha nyuma ya nyumba. Alisema jinsi alivyomtembeza mama mzee mwenye goti bovu. Jasho lilimtiririka mgongoni, na watu aliowapiga picha za harusi walikuwa wanamsikia. Akatoa kioo chenyewe. Wazee wakapokezana, wakakitazamia mlangoni kwenye jua, wakakubaliana kwamba ni kioo kizuri na kwamba padre yule alikuwa mtu wa elimu. Hakuna aliyemwita mwongo. Mzee Mushumbusi alisema kwamba jambo lenyewe analiamini kabisa, hata yeye amewahi kusalimiwa na Benadetha njiani asimwone.

Kisha akachukua ile picha mpya, akaisogeza dirishani.

"Picha nzuri," alisema. "Wanawake watatu wamekaa. Ni kweli, hatuwezi kukataa, wapo." Akaitazama tena. "Lakini, Ta Apolinary, mwenye shamba ungemkuta analima. Hawa wamevaa vizuri, wamenawa, wamepumzika. Mimi nikiona watu wamekaa hivi mbele ya nyumba, naona wageni. Na nyumba ni ya Karugendo."

"Walikuwa wanalima, waitu. Niliwaita ndio wakakaa."

"Hilo picha haisemi," alisema mzee Mushumbusi, "na wewe mwenyewe ulitufundisha tufuate picha."

Karugendo akaongeza kwamba wageni hao anawaruhusu wakae kadiri watakavyo, na watu walimshukuru kwa wema wake.

Apolinary alirudi na habari hiyo Kagoma kwa miguu yake, kwa sababu hakutaka waipate kwa mtu mwingine. Aliisema mbele ya nyumba. Upande wa migomba udongo ukaendelea kugeuka.

"Palizi imetupita," ilisema sauti ya Benadetha. Haikuwa na hasira wala msamaha, ilikuwa sauti ya mtu mwenye kazi. "Kama umekuja kukaa, mama yuko hapo, kaa naye. Kama hukuja kukaa, jembe liko nyuma ya nyumba."

Alikwenda kuchukua jembe. Alivua shati akalitundika, akashika mstari wake kando ya mstari uliokuwa unajilima. Mikono yake ilikuwa imezoea karatasi na dawa, ikatoka malengelenge upesi. Alilima mchana kutwa, na alitamani jambo moja tu: apotee kama wao. Alilima kwa haraka ili apotee. Lakini yeye siku ile alikuwa nyuma ya kamera, hakuwa mbele yake, na kwa hiyo alibaki akionekana kila alipoinua jembe na kila aliposhusha, mgongo wake unang'aa kwa jasho.

Waliopita barabarani wakasimama kumwangalia.

"Ta Apolinary!" aliita Klaudia, akitoka sokoni na tenga lake. "Shamba lote hili peke yako? Hongera!"

"Si peke yangu, Ma Klaudia. Niko na Ma Benadetha na Georgina. Wao wamelima zaidi."

"Eeh, najua, nawasikia. Wasalimie. Lakini wewe nawe, mtu wa mjini! Nitawaambia watu."

Na akawaambia. Jioni Karugendo alipita na lori, akaona eneo lililolimwa na Apolinary amesimama katikati yake. Alishuka akamshika mkono. Akasema hakujua kwamba mpiga picha anaweza kuwa mkulima wa namna hii, na mtu aliyefanya kazi lazima ale. Apolinary akasema kazi si yake. Karugendo akacheka kwa unyenyekevu huo, akamwagiza dereva wake akate mkungu mkubwa kwenye migomba ya karibu na kaburi la Rwegasira, akaupakia, akampakia na Apolinary pia kwa sababu magari ya abiria yalikuwa yamekwisha.

Ijuganyondo, Anatolia aliupokea mkungu akausifu. Aliuliza umetoka kwa nani, akaambiwa, akamenya akapika, maana watoto walikuwa na njaa. Aliweka sinia katikati. Apolinary alinawa mikono yake yenye malengelenge akaketi mbele ya wanawe, ambao walikuwa wanamngoja aanze.

Akamega. Yalikuwa matoke laini, yaliyolelewa vizuri kwa miaka mingi. Alipomaliza, Anatolia akamwongezea.